Dakika Iliyookolewa ni ya Nani? Maisha ya Lillian Gilbreth

Ukisema nyumbani kwamba unasoma uhandisi wa umeme, mjomba atakuletea redio yake iliyokufa. Ukisema wa ujenzi, utaonyeshwa ufa ukutani. Sema unasoma uhandisi wa viwanda na mifumo, utaulizwa: sasa hiyo unatengeneza nini? Wengi wanaosoma fani hii huishia kujibu kwamba wanasomea ufanisi, halafu mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Na kwa mtu anayefanya kazi kiwandani neno ufanisi lina harufu nyingine kabisa. Kwake ni siku anapokuja kijana mwenye karatasi na saa mkononi, na mwezi unaofuata majina matatu hayapo kwenye ratiba ya zamu.

Hofu hiyo si ya leo. Ilikuwapo tangu fani yenyewe inazaliwa Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na mmoja wa watu waliohangaika nayo kwa dhati kuliko wengi hakuwa na shahada ya uhandisi hata moja ya kusomea darasani. Alisoma fasihi ya Kiingereza. Jina lake Lillian Moller Gilbreth, na kama unasoma fani hii na hujawahi kumsikia, basi kuna lekcha uliyoikosa.

Alizaliwa tarehe 24 Mei 1878 mjini Oakland, California, katika familia yenye uwezo, mkubwa kwa wadogo zake wengi. Baba alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtoto wa aibu aibu, akasomeshwa nyumbani hadi alipofika karibu miaka tisa. Alipomaliza sekondari baba hakuona sababu ya binti kwenda chuo kikuu. Mwenye mali ya kumtunza yupo, elimu ya nini? Lillian akaomba ajaribu mwaka mmoja tu. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hakikuwa mbali, kwa hiyo alikuwa anapanda tramu asubuhi na kurudi nyumbani jioni kusaidia na wadogo zake. Alama za mwaka wa kwanza zilikuwa nzuri kiasi kwamba ule mwaka mmoja ukawa minne. Mwaka 1900 alipata shahada ya kwanza, na siku ya mahafali alikuwa mmoja wa wazungumzaji, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo chuoni hapo.

Akaenda New York, Chuo Kikuu cha Columbia, kwa ajili ya profesa mmoja wa fasihi aliyemtamani sana. Profesa yule hakuruhusu wanawake darasani kwake. Ndiyo hivyo, hakuna rufaa. Lakini kukaa kwake hapo kifupi kulimfikisha kwenye mihadhara ya Edward Thorndike, mwanasaikolojia aliyekuwa anachunguza namna watu wanavyojifunza. Lillian aliugua akarudi kwao, akamaliza uzamili wa fasihi Berkeley mwaka 1902 kwa tasnifu juu ya tamthilia ya Ben Jonson. Saikolojia ilikuwa imeshamwingia, ingawa bado haikuwa na kazi ya kufanya.

Kazi hiyo ilikuja na mwanamume. Mwaka 1903, akiwa safarini kwenda Ulaya na wenzake, walipita Boston, na mwalimu aliyewasimamia akamtambulisha kwa binamu yake, mkandarasi mmoja mnene, mchangamfu, anayependa magari na kelele. Frank Bunker Gilbreth alikuwa amemzidi Lillian karibu miaka 10.

Frank naye ana hadithi yake, na hii lazima tuisimulie vizuri kwa sababu ndipo lilipo shina la kila kitu. Mwaka 1885, akiwa na miaka 17, aliacha mpango wa kwenda chuo akaingia kazini kama fundi mwanagenzi wa kujenga kwa matofali. Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba kila mwashi aliyempa mafunzo alimfundisha kujenga kwa namna tofauti. Jambo la pili: mwashi yule yule alikuwa na namna moja anapomfundisha mtu, nyingine anapofanya kazi taratibu, na ya tatu anapokimbizwa. Ipi ndiyo sahihi? Akaanza kuhesabu. Tofali moja kuinuliwa na kulazwa ukutani kulichukua miondoko kama 18. Mwashi aliinama hadi miguuni kuokota kila tofali, yaani alikuwa anainua na kushusha mwili wake mzima mara elfu moja kwa siku kwa ajili ya kitu cha kilo mbili tatu. Frank akabuni jukwaa linalopanda pamoja na ukuta, matofali yakae usawa wa kiuno. Akaweka kibarua wa kuyachambua na kuyapanga, upande mzuri ukitazama nje, ili fundi asiligeuzegeuze tofali mkononi. Mota ikachanganywa vizuri hadi tofali likakaa kwa kusukumwa kwa mkono, bila kugongwa na mwiko. Miondoko 18 ikashuka hadi mitano. Matofali yakapanda kutoka 120 kwa saa hadi 350 kwa kila fundi.

Angalia hapo. Hakuna aliyeambiwa aongeze mbio. Mgongo ulipumzishwa, na matofali yakaongezeka yenyewe.

Walifunga ndoa Oktoba 1904, na Frank akamtaka mkewe awe mwenzake kazini. Lillian alipanda majukwaa akajifunza ujenzi. Frank akaona kwamba mke wake mwenye saikolojia ana faida kubwa kuliko mke mwenye fasihi, na Lillian, ambaye tayari alikuwa anawaza hivyo hivyo, akabadilisha masomo ya uzamivu. Wakakubaliana pia wapate watoto 12, sita kwa sita. Hili la watoto limefunika mengine yote. Watoto wao wawili waliandika kitabu cha kuchekesha juu ya familia hiyo mwaka 1948, kikawa filamu, na hadi leo watu wengi wanamjua Lillian kama yule mama wa watoto 12. Ukweli una kivuli ambacho vichekesho vinakipita: binti yao Mary alikufa kwa dondakoo mwaka 1912 akiwa na miaka mitano, wadogo zake wengine wakiwa hawajazaliwa. Hakuna siku hata moja watoto 12 walikaa mezani pamoja.

Wakati huo jina kubwa katika mambo ya kupanga kazi lilikuwa Frederick Winslow Taylor. Kila kozi ya uendeshaji inamtaja wiki ya kwanza. Taylor alipima kazi kwa saa ya kusimamishwa kwa kidole. Mfano alioupenda mwenyewe ni wa wabebaji wa chuma huko Bethlehem, Pennsylvania: mtu mmoja aliyekuwa anabeba tani 12 na nusu kwa siku akafikishwa tani 47 na nusu, na mshahara ukatoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Chukua kikokotoo. Mzigo uliongezeka karibu mara nne, mshahara kwa asilimia 60 hivi. Kiasi kilichobaki kilikwenda kwa nani? Wafanyakazi hawakuhitaji kikokotoo. Mwaka 1911 mafundi wa kusubu chuma wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma walipoletewa mtu wa kuwapima kwa saa. Bunge la Marekani likaunda kamati ya kuchunguza, Taylor akahojiwa, na baadaye likazuia fedha za jeshi zisitumike kuwapima watu kwa saa hizo.

Akina Gilbreth walianza wakiwa wafuasi wa Taylor, na Taylor aliyatumia matofali ya Frank kama ushahidi wa hoja zake. Baadaye waliachana kwa uchungu. Si kwa sababu ya maadili tu, tusiwafanye malaika. Palikuwa na ushindani wa biashara na sifa ndani yake. Lakini tofauti ya kitaalamu ilikuwepo kweli. Saa ya Taylor ilisema kazi imechukua muda gani, haikusema kwa nini. Gilbreth wakaleta kamera ya sinema, wakaweka saa kubwa yenye mshale wa kasi mbele ya kamera, kisha wakamrekodi fundi akifanya kazi. Filamu ikichezwa taratibu unaona kila tendo la mkono: kutafuta, kuchagua, kushika, kubeba, kushikilia, kusubiri. Matendo hayo wakayaita kwa jina lao lililosomwa kinyumenyume, therbligi. Wengine walifungwa taa ndogo vidoleni wakapigwa picha gizani, ukapata mstari wa mwanga unaoonyesha njia ya mkono hewani. Mstari uliojikunja kunja ulikuwa uchovu wenyewe, umepigwa picha.

Na hapa ndipo Lillian alipoweka mchango wake. Frank aliuona mwondoko. Lillian aliuliza yule mwenye mkono anajisikiaje. Je, ameelewa kwa nini anabadilishiwa kazi? Ameulizwa maoni? Ana kiti? Akaandika tasnifu nzima juu ya saikolojia ya uongozi wa kazi na kuiwasilisha California. Ikakubaliwa, lakini chuo kikamtaka akae pale mwaka mzima ndipo apewe shahada, na yeye anaishi ng'ambo ya pili ya nchi na watoto wadogo. Akaikosa. Mliowahi kuzungushwa na ofisi ya masjala kwa fomu moja mnaweza kumwelewa. Mwaka 1914 tasnifu ile ilitoka kama kitabu, The Psychology of Management, na mchapishaji akataka jina liandikwe L. M. Gilbreth ili msomaji asijue ni mwanamke. Yeye hakukaa kulia. Familia ilikuwa imehamia Providence, Rhode Island, ambako Frank alikuwa na kazi ya kupanga upya kiwanda, na Lillian akajiandikisha Chuo Kikuu cha Brown, akaandika tasnifu nyingine kabisa, juu ya kuondoa upotevu katika ufundishaji. Uzamivu akaupata mwaka 1915.

Hapo Providence walianzisha jumba dogo la maonyesho la vifaa vya kuondoa uchovu: viti vilivyorekebishwa na fundi wenyewe, sehemu za kuwekea miguu, meza zenye kimo tofauti. Mwaka 1916 wakatoa kitabu juu ya uchovu. Hoja yao ilikuwa kwamba uchovu usio wa lazima ni upotevu kama vile chuma kinachotupwa, na kwamba kazi lazima iwe na mapumziko yaliyopangwa, yasiwe ya kuibia. Vita vya Kwanza viliporudisha wanajeshi waliokatwa mikono na miguu, walichambua kazi moja moja kuona ipi inaweza kufanywa na mtu wa mkono mmoja, na chombo kipi kibadilishwe ili aweze. Frank mwenyewe alirudi kutoka jeshini na moyo ulioharibika.

Tarehe 14 Juni 1924 alisimama kwenye simu ya kituo cha treni cha Montclair, New Jersey, akiongea na mkewe. Mazungumzo yakakatika. Alikuwa amefariki, na umri wake ulikuwa miaka 55. Walikuwa wamebakiza siku chache wasafiri kwenda mikutano miwili mikubwa, London na Prague. Lillian alikuwa na watoto 11, mkubwa anasoma chuo, mdogo wa mwisho ana miaka miwili. Aliwakusanya, wakajadiliana, kisha akapanda meli akaenda kuzungumza badala ya mumewe.

Sasa lilikuja pigo la pili, lisilosimuliwa sana. Alikuwa na uzamivu, vitabu, na miaka 20 ya kazi. Kampuni zilizokuwa na mikataba na ofisi yao zikaanza kujitoa. Zilikuwa zikimlipa Frank. Mwanamke peke yake kuja kuwapanga wanaume kiwandani, hapana. Akafungua kozi nyumbani kwake, akifundisha maofisa waliotumwa na kampuni zao mbinu za kuchunguza miondoko. Kama hawamtaki kiwandani, basi waje wajifunze wakaitumie wenyewe.

Kwingine alikoitwa ni kule walikoamini mwanamke anafaa. Duka kubwa la Macy's, New York, lenye wasichana wengi madukani na kwenye dawati la fedha: aliingia akafanya kazi nao, akatazama taa zinazoumiza macho, kelele, na kitu kimoja kuandikwa mara mbili bila sababu. Johnson & Johnson walimwita kuhusu pedi za wanawake mwaka 1926, na alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida, aliwauliza wanawake. Zaidi ya 1,000 walijibu, wanafunzi wa vyuo wakiwemo, na ikaonekana bidhaa za sokoni zilibuniwa bila kumfikiria mvaaji: kubwa mno, ngumu, zinaonekana kwenye nguo. Leo tungesema alifanya utafiti wa mtumiaji.

Halafu jikoni. Aliingiza uchambuzi ule ule wa kiwandani kwenye sinki na jiko. Mwaka 1929 alipanga jiko la mfano kwa kampuni ya gesi ya Brooklyn: meza, jiko na vyombo vikizunguka pale mpishi anaposimama, kila kitu kikiwa kimo cha mpishi mwenyewe na si kimo cha kiwanda. Kuoka keki moja ya stroberi kulikuwa kunachukua hatua 281. Katika jiko lile zikawa 45. Pipa la taka linalofunguka kwa kukanyaga na rafu za mlangoni mwa friji hutajwa pamoja na jina lake. Na hapa kuna kichekesho ambacho watoto wake hawakukificha: Lillian hakujua kupika. Jiko la nyumbani kwake lilikuwa la kizamani, limepangwa hovyo, na msaidizi wao wa miaka mingi hakutaka liguswe. Mimi hilo linanifurahisha. Hakujifanya mpishi, alikwenda kuwatazama na kuwauliza wapishi.

Wakosoaji wana hoja, na hatuna haja ya kuificha. Hatua 236 zilizookolewa hazimwondoi mama jikoni. Ni kweli, ingawa Lillian aliandika pia kwamba nyumba ni ya wote wanaoishi ndani yake na kazi zigawanywe, baba na watoto wakiwemo. Hoja nzito zaidi ni ya viwandani. Gilbreth walilipwa na wenye viwanda. Walishauri kwamba faida ya ufanisi igawanywe na mfanyakazi, na Lillian aliamini kwamba muda uliookolewa ni wa kuishi, wa furaha ya mtu. Lakini akishakabidhi ripoti na kuondoka, aliyeamua dakika ile iende wapi alikuwa mwenye kiwanda. Filamu zao zilionyesha kila tendo la mkono. Hazikuonyesha hesabu za faida. Nadhani hapo ndipo aliposhindwa, na hata silabasi nyingi za leo hazijafika. Tunafundishwa kupunguza muda wa mzunguko wa kazi, tunafanya mtihani, anayefeli anapata sup. Nani anapata muda uliopunguzwa si swali la mtihani.

Milango iliyofungwa ilifunguka polepole. Rais Hoover alimpa kazi kwenye kamati ya dharura ya ajira mwaka 1930, wakati wa mdororo mkubwa. Kwa hiyo mtaalamu wa kuokoa nguvukazi akajikuta anatafuta namna ya kuwatafutia watu kazi. Mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kilimwajiri kuwa profesa katika shule yake ya uhandisi, mwanamke wa kwanza pale, na alifundisha hadi 1948. Baada ya Vita vya Pili alirudi jikoni, safari hii kwa wanawake wenye ugonjwa wa moyo na ulemavu, kupanga jiko ambalo mtu anaweza kulitumia akiwa amekaa. Mwaka 1965 aliingizwa katika Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, akiwa na miaka 87. Shahada za heshima alikusanya zaidi ya 20. Alisafiri na kuhutubia hadi alipokaribia miaka 90, akafariki Arizona tarehe 2 Januari 1972.

Filamu zile bado zipo, na walimu wa fani hii huzionyesha darasani. Fundi anainama, anaokota, anageuza, na mbele yake mshale wa saa unazunguka kwa kasi. Kisha kipande cha pili: fundi yule yule, kiti kimeletwa, vifaa vimesogezwa karibu, mikono miwili inakwenda pamoja. Anamaliza mapema. Filamu inakatika hapo, kabla hatujaona analetewa kazi nyingine au anaachwa akapumzike.